Cherehe ya Milwaukee

Kijana alichomeka plagi ukutani kabla sijamzuia. Nilikuwa nimeinama, shavu likikaribia kugusa mbao ya meza, nikisoma kibati kilichopigiliwa ubavuni mwa mashine, tena upande wa chini kabisa, na ndipo nilipokuwa nimefika penye tarakimu zilizonitia ubaridi: volti 115. Stima ya Nakuru ni volti 240. Mashine iliyozaliwa kunywa 115 ukiinywesha 240 haikupi nafasi ya kujuta. Hutoa mlio mmoja mzito, kisha harufu ya vanishi inayoungua, kisha uzi wa moshi kwenye matundu ya kupumulia, na biashara imekwisha. Nikafumba macho. Nikasikia swichi ikibonyezwa, halafu mngurumo uliopanda polepole kama nyuki wanaoamshwa mzingani, ukafika mahali ukatulia. Nilipofumbua, mawe yote mawili yalikuwa yakizunguka, moja limelika hadi kubaki kama sahani ya chai, jingine likiwa na kovu pembeni. Moshi haukuwapo. "Si nilikwambia ni nzima, Mwalimu," kijana akasema. Akaizima, akaiacha ijizungukie yenyewe. Ilichukua muda mrefu sana kusimama.

Hiyo ilikuwa London, upande wa jaa la Gioto. Wageni wa Nakuru hucheka wakisikia jina hilo, sisi wenyeji tumeshalizoea: tunayo London yetu, na ndani yake vinaishia vingi vilivyoanza safari katika London ile nyingine na kwingineko. Vyuma chakavu hapa huuzwa kwa kilo. Mzani hauulizi kitu kilikuwa nani. Jiko la kuni, fremu ya baiskeli, gia ya trekta, kitanda cha hospitali, vyote huwekwa juu ya sahani moja na kupewa bei moja, na kijana mwenye mzani alishangaa kwamba nilitaka kuijua mashine kabla ya kuilipia. Kwake ilikuwa kilo kumi na nane. Kwangu ilikuwa swali.

Mafundi wa hapa huiita grinda, nami huiita hivyo nikiwa nao. Lakini Kiswahili kina neno la zamani zaidi, neno la pwani, ambalo naona aibu kidogo kuliacha life: cherehe. Ni gurudumu la kunolea, na ni ndugu wa cherehani ya fundi wa nguo, kwani yote mawili yalivuka bahari kutoka Kiajemi, kwenye neno linalomaanisha gurudumu. Jiwe la kunolea kwa mkono nalo ni kinoo. Na kisu kikishanolewa, Waswahili hatusemi tu kwamba ni kikali, twasema kinapata. Kinolewacho hupata. Methali hiyo nimeisikia tangu utotoni nikidhani inahusu malipo ya bidii, kwamba anayejinoa hujipatia. Siku moja mzee mmoja aliyekuwa akijaribu ukali wa panga kwa ncha ya kidole gumba alinikosoa kwa neno moja tu: "Linapata." Tangu hapo sijui kama methali ile inazungumzia watu au visu, na sioni haja ya kuamua.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama sana wiki ile. Niliiweka mashine juu ya gazeti, nikakifuta kibati kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, polepole, maana kibati cha zamani ukikisugua kwa msasa unafuta jina pamoja na uchafu. Kona moja ilikuwa imekatika. Kilichobaki kilisomeka kama barua iliyonyeshewa. Milwaukee ilionekana vizuri, mji wa Wisconsin ulio kando ya Ziwa Michigan, ambako mwaka 1919 mtu aitwaye Herbert Tautz alianzisha kampuni ya Delta, iliyokuja kusifika kwa mashine ndogo za karakana. Juu yake palikuwa na nusu ya neno Rockwell. Rockwell waliinunua Delta mwaka 1945, kwa hiyo mashine hii haiwezi kuwa na umri kupita huo. Mahali ambapo siku hizi tungesoma Hz, palichapwa 60 na neno CYCLE. Jina la Heinrich Hertz, Mjerumani aliyefariki mwaka 1894, lilipitishwa rasmi na mataifa kuwa kipimo mwaka 1960, na viwanda vya Marekani vilichukua miaka kadhaa kulizoea. Kisha namba ya hati ya uvumbuzi, ambayo tarakimu yake ya kwanza tu, 2, ndiyo iliyonusurika na kutu. Hati ya Marekani namba 2,000,000 ilitolewa mwaka 1935 na ya 3,000,000 mwaka 1961, lakini namba ya hati huweka sakafu tu. Haiweki dari, kwani kiwanda huweza kuchapa namba ileile miaka na miaka. Nikakusanya ushahidi wangu wote, nikapata jibu: baada ya 1945, na yamkini kabla ya miaka ya sabini.

Ni jibu la bibi yangu. Ukimwuliza alizaliwa lini, alikuwa akikwambia ni baada ya nzige na kabla ya njaa, na kwamba alikuwa anaweza kubeba mtungi mdogo wakati kaka yake alipokwenda kwenye vita vya Wazungu. Karani wa vitambulisho hakuwa na nafasi ya nzige kwenye fomu yake. Akamtazama usoni, akamtazama mikononi, akaandika mwaka. Kibati hicho bibi alikibeba mpaka kaburini na hakuwahi kukiamini. Alipohitaji kujua umri wake alihesabu watoto, mazishi, na nyumba alizowahi kuzifyatulia matofali. Nikiwa mvulana nilidhani huo ni ujinga wa watu wasiosoma. Sasa nimekaa na mashine yenye anwani, kampuni na namba ya serikali, na bado nahesabu nzige.

Ilifikaje hapa? Kijana wa London alikuwa na jibu tayari: ilikuwa ya mzungu wa Njoro. Nakuru nzima kila kitu cha zamani kilikuwa cha mzungu wa Njoro. Nimeonyeshwa kabati lake, saa yake, kinu chake cha kahawa, na lango la chuma la shamba lake mara tatu, katika mitaa mitatu. Sikatai kwamba alikuwapo. Reli ilipofika Nakuru mwaka 1900 walowezi waliifuata, na uhuru ulipokaribia wengi wao waliuza walichoweza, kuanzia ng'ombe hadi vijiko. Lakini mashine za mlowezi kwa kawaida zilikuwa za Kiingereza. Ukimfungua Mwingereza wa zamani unakutana na nyuzi za Whitworth, zilizopimwa mwaka 1841 kwa pembe ya digrii 55, na spana zako zote zinakuwa ngeni. Mmarekani nyuzi zake ni za digrii 60, kama alivyopendekeza William Sellers mwaka 1864, na nati yake ya nusu inchi unaikaribia kwa spana ya 13, inayocheza kidogo kama kiatu cha kaka mkubwa. Nilijaribu spana ya 13. Ilicheza kidogo.

Kwa hiyo namtafuta Mmarekani. Wapo wamisheni wa Kijabe, juu ya ukingo wa bonde, waliofika mwanzoni mwa karne iliyopita na ambao shule yao iliwekewa jiwe la msingi na Theodore Roosevelt mwaka 1909. Watu wa namna ile walikuja na karakana zao ndani ya makasha. Lakini moyo wangu huvutwa zaidi na kiwanda cha betri. Mwaka 1967 Union Carbide ya Marekani ilifungua kiwanda hapa mjini, na betri zake zenye paka anayeruka katikati ya tarakimu 9 ziliwasha tochi na redio za Kenya nzima. Nimesikia taarifa za habari za vifo na za mapinduzi ya nchi jirani, zote zikipitia tumboni mwa paka yule, maana baba alikuwa akiyatoa mawe ya redio, kama tulivyoyaita, akiyaanika juani ili yavute siku mbili zaidi. Mawe. Leo ndipo naona tulivyoliazima neno. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, betri za bei nafuu kutoka nje zikiwa zimejaa sokoni. Sina kithibitisho hata kimoja kwamba cherehe yangu ilisimama humo. Ninayo hamu tu, na hamu ni ushahidi mbaya, ingawa imewahi kuandika historia nyingi kuliko vibati.

Mji huu una mazoea ya kuulizwa umri wa zana zake. Ukitoka katikati ya mji kuelekea Nairobi, kabla hujafika mbali, upo mlima wa Hyrax, ambako Mary Leakey alichimba mwaka 1937. Shule yetu ilitupeleka tukiwa darasa la sita, tukaonyeshwa mashimo ya bao yaliyochongwa kwenye mwamba, na wavulana wote tukaacha historia tukatafuta kokoto za kuchezea. Sikuvijali vitu vilivyolazwa ndani ya kioo: sahani za mawe na michi yake, vilivyozikwa pamoja na wanawake wa kale. Mwaka 1938 katika pango la Mto Njoro walipatikana watu wengine, wamechomwa kwa heshima ya kwao, pamoja na bakuli za mawe na mawe ya kusagia, miaka kama elfu tatu iliyopita. Na ukishuka hadi Kariandusi, karibu na Gilgil, kuna mashoka ya mkono yaliyolala tangu karibu miaka milioni moja iliyopita, mengine ya kioo cheusi cha volkano kinachokata hata leo. Hakuna kibati. Anayetaka mwaka wake husoma majivu ya volkano yaliyofunika zana, akipima namna potasiamu ilivyogeuka agoni kimyakimya ndani ya jiwe. Maana yake ni kwamba shoka lenyewe halisemi kitu. Kinachosema ni kile kilicholiangukia.

Wazo hilo lilinikalia vibaya, kwa sababu yapo majivu ambayo sisi wa Nakuru hatupendi kuyasoma. Wiki ya mwisho ya Januari 2008 mji huu uliwaka. Nyumba zilichomwa, majirani wakauana, na watu walipanga foleni ya kunoa wasiyokusudia kulimia. Fundi mmoja wa jua kali, mtu mpole ninayemheshimu sana, aliniambia kwamba jioni moja ya wiki ile aling'oa mkanda na swichi ya mashine yake akavizika kwenye gunia la makaa, kisha akawa anawaambia waliokuja kwamba imeungua. Walimwamini wengine, wengine wakamtishia. "Mashine haiulizi, Mwalimu," alisema. "Kwa hiyo ilibidi niulize mimi." Hakuongeza neno. Hadi leo, akitaka kukueleza kitu ni cha lini, hasemi mwaka. Anasema ni cha kabla au cha baada, na humwulizi kabla ya nini.

Sasa nirudi kwenye moshi ambao haukutoka. Kwa wiki mbili nilikuwa nikiipenda mashine iliyonidanganya, au iliyodanganywa na kibati chake. Haiwezekani mota ya volti 115 izunguke kwa utulivu kwenye 240. Nikampelekea yuleyule fundi wangu, pamoja na beringi mbili mpya, nikisingizia kwamba moja inaimba. Alikaa juu ya kasha la soda, akafungua bolti nne ndefu zinazoshika vifuniko vya pembeni, akagonga kifuniko kwa nyundo ya mpira, taratibu, akizunguka kama mtu anayepasua nazi bila kumwaga maji. Kikaachia. Ndani palikuwa na vumbi la kijivu, laini kama poda, nalo ni mchanganyiko wa jiwe na chuma cha miaka yote ile: visu vya watu, patasi za watu, majembe ya watu, yote yamesagika yakalala pamoja. Akapuliza, nikakohoa. Kisha akasema, "Njoo uone."

Waya wa shaba haukuwa wa kiwandani. Kiwanda hulaza koili zake kwa mpangilio wa mashine, kila moja kama pacha wa mwenzake. Hizi zilisukwa kwa mkono, zikafungwa kwa uzi wa pamba wenye fundo dogo kila upande, fundo la mtu mwenye subira. Na ndani ya kifuniko, mahali ambapo hakuna mteja angewahi kutazama, palikuwa na maandishi ya penseli. Namba mbili, moja juu ya nyingine: 38, chini yake 95. Pembeni, 3/71, na saba yake ikiwa imekatwa kimstari kiunoni. Fundi alizitazama akacheka peke yake. Mimi sikuelewa mpaka aliponipa kalamu. Volti 240 ukigawa kwa 115 unapata mbili na ushei. Mizunguko 60 kwa sekunde ya stima ya Marekani ukigawa kwa 50 ya kwetu unapata moja na sehemu mbili za kumi. Zidisha, unapata mbili na nusu. Thelathini na nane mara mbili na nusu ni tisini na tano. Mtu alikaa mahali fulani, Machi 1971, akaukata waya mnene wa Milwaukee akihesabu kila mzunguko, 38, kisha akasuka mwembamba mahali pake, 95, ili mashine iweze kunywa stima ya hapa bila kufa. Kazi ilipokwisha hakugusa kibati. Aliuacha uongo ule palepale nje, na ukweli akauandika ndani, kwa penseli, kwa ajili ya fundi atakayekuja.

Hakuandika jina. Nimejaribu kumwazia kwa ile saba iliyokatwa. Baba yangu aliiandika hivyo, na makarani wengi wa reli, na mafundi wa Kihindi waliokuwa na maduka ya mota, na wanafunzi wao, na wanafunzi wa wanafunzi wao. Saba ile inaweza kuwa ya mtu yeyote katika mji uliokuwa na umri wa miaka saba tangu uhuru, ambapo kila ofisi ilikuwa ikibadilisha kibao cha mlangoni. Yeye alibadilisha waya, kibao akakiacha.

Kuna kitu kimoja hakuweza kukibadilisha, na ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Kibati kinaahidi mizunguko 3,450 kwa dakika. Lakini mota ya aina hii hufuata mapigo ya stima, si nguvu yake, na mapigo ya kwetu ni ya polepole. Usuke waya upendavyo, hapa itazunguka 2,850 au karibu na hapo. Kwa hiyo tangu 1971 imeishi kwa mwendo mwingine, imeshuka sauti kama mwimbaji aliyeingia utu uzima. Wenye haraka wataona ni hasara. Mimi nimenoa patasi juu yake na ninajua: jiwe linalokwenda upesi mno huuchoma ukingo, chuma kinageuka rangi ya buluu, na hapo ugumu wake umekwisha, utanoa kila asubuhi na hakitapata. Kwa mwendo huu wa Nakuru unao muda wa kuona cheche zinavyotoka. Chuma laini hutoa nyuzi ndefu zilizonyooka. Chuma cha kumimina hutoa wekundu mfupi usio na furaha. Springi ya gari, ambayo mafundi wetu huigeuza visu na patasi, hutoa cheche zinazopasuka kwenye ncha kama mbegu za nyasi. Hivyo ndivyo fundi hujua kitu ni cha namna gani kabla hajakiuliza kimetoka wapi.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Asubuhi ya kwanza baada ya kuifunga mezani, jirani alikuja na lake mkononi, la mpini mfupi, limeliwa na udongo wa Bahati hadi kubaki kama ulimi. Amesikia mngurumo ukutani, akasema, na mvua za Machi ziko mlangoni. Nikamwambia angojee kidogo, Mama, jiwe la kushoto limechoka, nalibadilisha. Nati ya kushoto hufunguliwa kinyume, maana nyuzi zake zimekatwa kinyume ili mzunguko usiifungue. Nimewahi kulisahau hilo na kukivimbisha kiganja. Nikaifungua kinyume. Nikalitoa jiwe jipya kwenye boksi lake, kijivu, zito, bado lina karatasi ya duara kifuani yenye jina la nchi nyingine kabisa. Jirani akasogea. Nikalipitisha kidole katika tundu la katikati, likaning'inia, nikaligonga ubavuni kwa mpini wa bisibisi, tukasikiliza kama lina ufa.